Adabu ya Barua

Mtu azungumzapo na mwenzake uso kwa uso, makosa yake mengi hurekebishwa na mazungumzo yenyewe. Akisema neno lisiloeleweka, huulizwa. Akisahau jambo, hukumbushwa. Akikosea jina, husahihishwa papo hapo kabla madhara hayajatokea. Mwandishi hana bahati hiyo. Barua yake hufunga safari peke yake, huingia katika ofisi asiyoijua, husomwa na mtu asiyemjua, na hapana awezaye kusimama kando yake na kusema, "La, hakukusudia hivyo." Yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa, na yaliyosahauliwa hayakusemwa kabisa.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba uhakiki ni kazi ya kupima mashairi, riwaya na tamthilia tu. Katika insha hii, msomaji, nataka tuhakiki maandishi ya hali ya chini zaidi: barua ya maombi, baruapepe, na namna ya kuyasahihisha maandishi hayo kabla ya kuyatoa mkononi. Hayachapwi vitabuni wala hayasifiwi na wataalamu, lakini nguvu yake katika maisha yetu ya Kitui na Makueni ni kubwa. Shairi baya humchosha msomaji wake, naye huliweka kando akaenda zake. Barua mbaya humnyima mtoto karo, huchelewesha maji ya kijiji, na hufunga mlango wa kazi uliokuwa umeanza kufunguka.

Tuanze na barua ya maombi. Mfano ufuatao nimeutunga mwenyewe, lakini nimeutunga kwa sentensi za namna nilizozisoma mara nyingi mno katika madaftari ya wanafunzi na katika karatasi za kamati za vijiji. Chukulia kwamba pampu ya kisima imeharibika mahali fulani kusini mwa Kitui, katika njia ya kwenda Mutomo, na kamati ya maji imeandika hivi:

"Mheshimiwa sana, twachukua fursa hii adhimu na adimu kukumiminia salamu sufufu, nyingi kama mchanga wa mto Tiva. Ama baada ya salamu, dhumuni kuu la waraka huu ni kukujulisha kwamba sisi wananchi wako watiifu tunateseka mno kwa shida ya maji. Wazee wanateseka, watoto wanateseka, hata mifugo inateseka. Twakusihi utuangalie kwa jicho la huruma. Tukisaidiwa tutashukuru, na Mwenyezi Mungu atakubariki."

Je, barua hii ina uongo? Hapana. Kila aijuaye nchi yetu anajua kwamba katika miezi ya kiangazi, toka Juni hadi mvua za vuli zinyeshapo, mito kama Tiva na Thua huwa njia za mchanga mtupu. Watu hufukua mchanga huo kutafuta maji, na punda wenye madumu hupita alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Mateso yaliyotajwa ni ya kweli. Walakini barua ni kama jembe lisilo na mpini: chuma kipo, lakini hapana pa kulishikia.

Keti sasa katika kiti cha yule atakayeipokea. Mezani pake zimo barua nyingine nyingi, na kila moja yasema kwamba watu wanateseka. Anataka kujua: Ni kisima kipi, na kiko wapi? Kiliharibika lini? Kilichoharibika ni pampu, mota, bomba au tangi? Kinahudumia watu wangapi? Wanachoomba ni fundi, ni fedha, au ni lori la maji kwa muda? Na akitaka kuwajibu, ampigie nani simu? Barua haikujibu hata swali moja katika haya. Mtu huyo aweza kuwa na moyo mwema kupita kiasi, lakini jicho la huruma haliwezi kuona kisima kisichotajwa.

Hapa yapasa mimi na walimu wenzangu tukubali sehemu yetu ya lawama. Sisi ndio tuliowafunza watoto kwamba salamu zikiwa "sufufu", "furifuri" na "chekwachekwa", barua imepambika. Mwanafunzi akiandika neno zito ambalo hajawahi kulitamka maishani, tunalipigia mstari mwekundu wa sifa. Naye hujifunza kwamba kuandika vizuri ni kujaza, kumbe kuandika vizuri ni kuchagua. Maneno hayo yana mahali pake katika barua ya rafiki kwa rafiki, au katika masimulizi ya kuchekesha; si mbele ya mtu aliye kazini. Mswahili amwendeapo mtu nyumbani hupiga hodi, huitikiwa, akaingia, wakasalimiana, kisha akasema kilichomleta. Mgeni aliyekwisha kukaribishwa kitini ambaye bado anapiga hodi hasifiwi kwa adabu. Watu humtazama kwa wasiwasi. Katika barua rasmi, anwani, tarehe, jina la cheo na salamu moja fupi ndiyo hodi. Baada ya hapo, sema.

Basi tuiandike barua ile upya. Majina na hesabu ni za mfano tu:

"Kwa Mkurugenzi wa Maji wa Kaunti. Kuhusu: Ombi la mtaalamu wa kukagua pampu ya kisima. Kisima kilicho karibu na Shule ya Msingi ya Fulani, kilomita 4 kutoka sokoni, kiliacha kutoa maji tarehe 3 Agosti. Kinahudumia familia 140 na wanafunzi 310. Fundi tuliyemwita tarehe 9 Agosti aliona kwamba mota imeungua. Maelezo yake tumeyaambatisha. Tangu kisima kikauke twachota maji mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi. Kamati imechanga shilingi 32,000. Twaomba idara itume mtaalamu kabla ya tarehe 30 Agosti aseme ni mota ya aina gani itakayofaa, na itujulishe sehemu ya gharama ambayo kaunti yaweza kuichukua. Katibu wetu, ambaye namba yake ya simu iko hapa chini, yu tayari kumwongoza mgeni hadi kisimani siku yoyote."

Linganisha barua hizi mbili, msomaji. Katika ya pili neno "kuteseka" halimo hata mara moja, lakini mateso yanaonekana zaidi. Saa mbili za kwenda mtoni na kurudi zinamwambia msomaji jambo ambalo "tunateseka mno" haliwezi kumwambia, kwa sababu aweza kuzipima kwa miguu yake mwenyewe. Shilingi 32,000 zilizochangwa zinaonyesha kwamba wanaoomba hawakuketi kungoja. Ombi lenyewe ni dogo, lina tarehe, na linawezekana. Mtu mwenye shughuli nyingi hulikubali kwa urahisi ombi ambalo anaona mwanzo wake na mwisho wake. Tena barua imekwenda panapostahili. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, huduma za maji zimewekwa chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo kuliandikia shirika au mtu asiye na mamlaka hayo ni kupoteza stempu na matumaini pamoja.

Siri yote ya kushawishi imo humo. Wengi wanafikiri kwamba kushawishi ni kumlainisha mtu kwa maneno matamu hadi akubali asilolitaka. Hiyo ni hila, nayo haidumu. Kushawishi kwa haki ni kumpa msomaji kila anachohitaji ili, akiwa na nia njema, aseme "ndiyo" bila kutafuta habari nyingine. Na akiwa hana nia njema, akose kisingizio cha kusema "sikuelewa".

Wala usidhani kwamba jambo hili ni la ladha ya mwalimu tu. Sheria yenyewe imelitambua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 humpa raia wa Kenya haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi za umma: kwa mfano, zabuni ya barabara ya kijiji chenu imepewa nani na kwa kiasi gani. Ombi hilo huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na mwombaji hutakiwa kutoa maelezo ya kutosha ili ofisa aelewe ni habari ipi inayotakiwa. Haki yake haipungui kwa sababu ya nia aliyo nayo, na ofisi yapaswa kutoa uamuzi wake katika muda usiozidi siku 21 tangu kulipokea ombi. Angalia yale ambayo sheria haikuyataka. Haikutaka sifa, haikutaka unyenyekevu wa kupindukia, haikutaka mtu ajieleze umaskini wake. Imetaka maelezo ya kutosha. Kijana wa Wote au wa Mwingi ajuaye kuandika aya moja iliyo wazi ana ufunguo ambao babu yake hakuwa nao.

Babu zetu nao hawakukosa ujuzi huu, ijapokuwa njia yao ilikuwa ngumu kuliko yetu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwauza kwa lazima ng'ombe wa Wakamba katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na nchi iitwayo leo Makueni. Hoja yake ilikuwa kwamba mifugo imezidi na ardhi inaharibika. Wananchi waliungana katika chama cha Ukamba Members Association, ambacho Muindi Mbingu alikuwa mmoja wa viongozi wake. Waliandika malalamiko yao na kuyafikisha hadi kwa Waziri wa Makoloni huko London, na mwezi wa Julai umati mkubwa wa wanaume, wanawake na watoto ulitembea kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana, ukakaa huko wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka huo haujakwisha, serikali iliacha uuzaji wa lazima. Sisemi kwamba maandishi peke yao ndiyo yaliyoshinda; miguu na ushujaa vilitangulia. Nasema kwamba watu wale walijua wanachotaka na waliweza kukitaja kwa maneno machache: ng'ombe warudishwe, na kuuzwa kwa lazima kukomeshwe. Ombi lisilotajika kwa pumzi moja bado halijaiva.

Sasa tutazame baruapepe, ambayo siku hizi ndiyo barua ya kwanza anayoiandika kijana aliyemaliza kidato cha nne. Ijapokuwa hufika kwa nukta chache, ni barua kama nyingine, na ina hodi yake. Hodi ya baruapepe ni ule mstari wa juu wa kichwa cha habari. Wengi huuacha mtupu, au huandika "Habari" au "Naomba". Mtu anayepokea baruapepe mia kwa siku huuona mstari huo kwanza, na pengine asione mwingine. "Ombi la mafunzo ya kazi katika duka la dawa, Januari hadi Machi" ni kichwa kinachosema kitu. Kisha mwandishi ajitambulishe kwa sentensi moja, ataje anachoomba kwa sentensi ya pili, aeleze kwa nini afaa kwa sentensi mbili tatu zenye ushahidi, na ataje siku ambayo yu tayari kuanza. "Mimi ni mchapakazi mwenye bidii ya mchwa" si ushahidi. "Kwa likizo mbili nimetunza hesabu za duka la ndengu la shangazi yangu, Kibwezi" ni ushahidi, tena wenye uzito, kwa sababu msomaji aweza kuuliza akajibiwa.

Yako makosa mengine madogo ya baruapepe ambayo sitakaa nayo sana. Kusema "nimeambatisha cheti" na kukisahau cheti chenyewe. Kuliita jalada jina lisilosema ni la nani. Kutumia anwani ya utani uliyojipatia ukiwa darasa la saba. Kuandika "nko" na "xaxa" kama kwamba unamwandikia rafiki. Yote haya yana dawa moja, nayo ni kutulia kabla ya kubonyeza. Barua ya karatasi ilikuwa na hisani moja: mpaka bahasha ipatikane na safari ya posta ifike, mwandishi alikuwa amepata usiku mzima wa kutafakari. Baruapepe haimpi mtu usiku huo. Yapasa ajipe mwenyewe.

Nimefika sasa kwenye kusahihisha, na hapa naomba msomaji anisamehe nikisimulia aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu, bibi kizee ambaye kijiji kizima humwita Susu, alinijia jioni akaniomba nimwandikie barua ya kuombea basari mjukuu wake aliyefiwa na wazazi. Nilikubali kwa moyo mmoja. Barua niliiandika kwa simu kesho yake, nikiwa kituoni nangoja gari. Nikaichapisha dukani, nikaikunja, nikampelekea. Sikuisoma. Orodha ya waliopata basari ilipobandikwa, jina la mtoto halikuwamo. Susu alikwenda kuuliza, kisha akarudi na nakala ya barua mkononi. "Mwalimu," alisema kwa upole, "wameniambia mtoto ana mzazi wa kumlipia. Wamesema wewe ndiye uliyesema."

Nilitazama. Nilikusudia kuandika, "Mtoto huyu hana mzazi wa kumlipia karo." Nilichoandika kilikuwa, "Mtoto huyu ana mzazi wa kumlipia karo." Herufi moja. Kamati haikukosea, iliamini karatasi, na karatasi ndiyo iliyokuwa na sahihi yangu. Muhula uliofuata niliandika nyingine na basari ikapatikana, lakini muhula mmoja wa kidato cha tatu ulikuwa umekwisha pita, na muhula uliopita haurudi kwa kuombwa radhi.

Nilijiuliza kwa nini iliponyoka herufi hiyo na si nyingine. Jibu limo katika ulimi wangu. Mimi nimelelewa kwa Kikamba, na Kikamba hakina sauti ya h. Mkamba asemapo Kiswahili kwa haraka huweza kusema "abari" na "akuna", na asikiaye huelewa, kwa kuwa mazungumzo hurekebisha. Siku ile kidole changu kilifuata ulimi, na jicho halikuwa na habari.

Hili si tusi kwa Kikamba, ambacho ni lugha tamu na kamili. Kila lugha ina sauti zake, na kila mtu hubeba sauti za kwao aingiapo katika lugha nyingine. Lakini yafaa kila mwandishi ajue mtego ulio katika njia yake mwenyewe. Mitego yetu sisi wa Kitui na Makueni nitaitaja minne.

Wa kwanza ni huo wa h. Ni wa hatari kuliko yote kwa sababu katika Kiswahili herufi hii mara nyingi ndiyo hubeba ukanushi: ana na hana, anajua na hajui, alilipa na hakulipa. Tena mtu akiisha kuogopa kuiacha, huiweka pasipo pake, akaandika "hili" palipotakiwa "ili", au "hasubuhi" badala ya "asubuhi".

Wa pili ni r na l, kwa kuwa Kikamba cha asili hakina r. Hapa hupatikana vichekesho na hasara kwa pamoja. Shule iliyokusudia kuomba kalamu huomba karamu. Vijana wanaotafuta mahali pa kufanyia biashara huonekana wakitafuta mahari. Tangazo la siku ya kupiga kura huwaita watu kwenye kula, na hali ya mgonjwa hugeuka kuwa hari yake.

Wa tatu ni b, d na g. Katika Kikamba cha asili sauti hizi za kupasuka hazisimami peke yake. Hutanguliwa na sauti ya pua, kama katika mb, nd na ng. Kwa hiyo dawa huandikwa "ndawa", na gari "ngari". Kosa hili halibadilishi maana sana, lakini humfanya msomaji aache kutazama hoja aanze kumtazama mwandishi.

Wa nne ni th na dh. Katika maandishi ya Kikamba, th husimamia sauti ile ambayo Kiswahili huiandika dh. Basi mtu aliyezoea kuandika lugha ya mama huandika "fetha" kwa fedha na "thambi" kwa dhambi, akaapa kwamba hakukosea. Kwa Kikamba hakukosea. Kwa Kiswahili amekosea.

Utauliza, je, simu na kompyuta hazitusahihishii? Husaidia, nami sizikatai. Zitakuonya juu ya "ndawa" na "fetha", maana maneno hayo hayamo katika orodha zake. Lakini ana na hana, mahali na mahari, kalamu na karamu, yote ni maneno halali. Mashine huweza kuyapitisha kimya kimya. Ziko pia programu za kompyuta ambazo siku hizi humtungia mtu barua nzima kwa dakika moja. Barua zake huwa laini, zimenyooka, na mara nyingi zina ugonjwa ule ule wa salamu sufufu: maneno mengi mazuri yasiyo na mpini. Programu haijui kisima chenu kiko wapi, wala haijui kwamba wazazi wa mjukuu wa Susu wamefariki. Ajuaye ni wewe, na atakayetia sahihi ni wewe.

Basi hii ndiyo njia ninayoifuata tangu siku ile, nayo naiweka mbele yako. Kwanza, nikiisha kuandika naiacha barua ilale, hata kama ni saa moja tu. Jicho lililochoka kwa kuandika husoma kilicho kichwani, si kilicho karatasini. Pili, naisoma kwa sauti, kidole kikifuata kila neno, nikitamka kilichoandikwa na si nilichokusudia. Tatu, nasoma ukanushi peke yake: kila palipo na hana, haku-, haja-, hawa-, nasimama na kuuliza kama maana ndiyo niliyotaka. Nne, nasoma majina na tarakimu peke yake. Namba ya simu ya mkononi ya Kenya inayoanza na sifuri ina tarakimu 10. Ikiwa na 9, hapana atakayekupata. Tano, nampa mtu mwingine aisome, kisha namwuliza, "Unafikiri naomba nini?" Asipoweza kujibu, kosa si lake.

Alama za uandishi nazo zisidharauliwe. "Mwalimu mkuu alisema mzazi hakufika" humlaumu mzazi. "Mwalimu mkuu, alisema mzazi, hakufika" humlaumu mwalimu. Mkato ni alama ndogo, lakini huko Marekani uliwahi kupimwa kwa fedha. Katika jimbo la Maine, madereva wa kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Kesi yao ilisimama juu ya mkato mmoja uliokosekana katika orodha ya kazi zilizoondolewa katika malipo hayo na sheria. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba sheria bila mkato ule haikuwa wazi, ikawaelekea madereva. Na mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 ili shauri liishe.

Msomaji, pengine hutakuwa mshairi, wala hutaandika kitabu. Lakini hapana shaka utaandika barua. Utajiombea kazi, utamwombea mtoto shule, utaidai haki ya kijiji chako. Na siku moja jirani asiyejua kuandika atakuja mlangoni pako jioni akuombe kalamu yako. Siku hiyo atakuwa amekukabidhi kitu ambacho hawezi kukikagua. Atachukua karatasi utakayompa, ataikunja vizuri, ataitia katika kitambaa chake, na kuipeleka mbali kwa imani kwamba imesema alichosema yeye. Isome kwanza.